Maendeleo Endelevu kwa Lugha ya Nani? Kiswahili na Uelewa wa Umma Kuhusu Malengo ya Dunia

1. Utangulizi

Tarehe 25 Septemba 2015, mjini New York, nchi 193 wanachama wa Umoja wa Mataifa zilipitisha ajenda ya maendeleo yenye malengo 17 na shabaha 169. Malengo hayo, ambayo kwa Kiswahili huitwa Malengo ya Maendeleo Endelevu, yalianza kutekelezwa tarehe 1 Januari 2016, na yamewekewa ukomo wa mwaka 2030. Yalichukua nafasi ya Malengo ya Maendeleo ya Milenia, yaliyokuwa manane, ambayo muda wake ulimalizika mwaka 2015.

Katika orodha hiyo ndefu imo shabaha moja ambayo ni nadra kutajwa majukwaani. Shabaha ya 12.8 inazitaka nchi zihakikishe kwamba, ifikapo mwaka 2030, watu wa kila mahali wana taarifa na uelewa unaohitajika kuhusu maendeleo endelevu na kuhusu maisha yanayopatana na maumbile. Kwa maneno mengine, uelewa wa umma si njia tu ya kuyafikia malengo. Ni sehemu ya malengo yenyewe. Nchi inayojenga visima na zahanati huku wananchi wake hawajui kwa nini vinajengwa hivyo na si vinginevyo, haijatimiza ilichoahidi.

Suala la uelewa halitenganishiki na suala la lugha. Ajenda hiyo ilitolewa katika lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, na Kiswahili si mojawapo. Ni kweli kwamba lugha hii imepata heshima kubwa katika miaka ya karibuni: Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika uliipokea kuwa miongoni mwa lugha zake za kazi. Hata hivyo, heshima ya lugha katika kumbi za mikutano ni jambo moja, na uwezo wake wa kumfikishia mkulima, mvuvi na mama lishe dhana zinazohusu maisha yao ni jambo jingine.

Mhadhara huu unajadili jambo hilo la pili. Hoja yake kuu ni kwamba udhaifu wa uelewa wa umma kuhusu malengo ya dunia hautokani tu na uhaba wa matangazo. Unatokana pia na maumbo ya istilahi zinazotumika, na jinsi istilahi hizo zinavyowafikia watu. Zaidi ya yote, unatokana na mazoea ya kumfanya mwananchi awe mpokeaji wa maneno badala ya kuwa msemaji wake.

2. Istilahi "maendeleo endelevu": umbo na maana

Istilahi hii imejengwa kwa mzizi mmoja uliotumika mara mbili. Kitenzi enda kimezaa endelea. Endelea kimezaa nomino maendeleo. Na kitenzi hichohicho, kilipopewa kiambishi tamati -vu, kimezaa kivumishi endelevu. Njia hii ya uundaji ni ya asili kabisa katika Kiswahili: potea hutoa -potevu, legea hutoa -legevu, tulia hutoa -tulivu na vumilia hutoa -vumilivu. Kwa upande wa umbo, basi, istilahi haina kasoro, na ndiyo sababu imeenea kwa wepesi katika nyaraka, redio na vitabu vya shule.

Tatizo lipo katika maana. Vivumishi vya -vu hueleza sifa ambayo kitu kinayo chenyewe. Mtu mtulivu ni yule aliyetulia. Kamba legevu ni ile iliyolegea. Kwa kanuni hiyo, maendeleo endelevu ni maendeleo yenye sifa ya kuendelea. Msikilizaji asiyepewa maelezo ya ziada ana haki ya kuelewa kwamba yanayozungumzwa ni maendeleo yasiyokoma: barabara baada ya barabara, kiwanda baada ya kiwanda, shamba jipya kila msitu unapofyekwa.

Dhana iliyokusudiwa ni tofauti, na pengine ni kinyume cha hiyo. Tume ya Dunia ya Mazingira na Maendeleo, iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norwei, ilieleza katika ripoti yake ya mwaka 1987 kuwa maendeleo ya aina hii ni yale yanayokidhi mahitaji ya kizazi kilichopo bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi mahitaji yao. Katika maelezo hayo mna mambo matatu. Kwanza, yupo mtendaji, yaani kizazi kilichopo, anayepaswa kujizuia. Pili, upo uwezekano: maendeleo hayo yanaweza kudumishwa au yanaweza kuharibiwa. Tatu, upo mpaka ambao haupaswi kuvukwa. Kivumishi endelevu hakionyeshi hata moja kati ya haya matatu.

Kiswahili hakikosi nyenzo za kuyaonyesha. Kutokana na endelea hupatikana endeleza, na kutokana na endeleza hupatikana endelezeka. Vivyo hivyo dumu, dumisha na dumishika. Mtu akisema maendeleo yanayodumishika, msikilizaji anatambua kwamba yupo anayedumisha na kwamba kudumisha huko kunaweza kushindikana. Wapo pia wanaosema maendeleo ya kudumu, ingawa usemi huo nao unaahidi udumifu bila kutaja sharti lake.

Mkanganyiko huu una athari katika utendaji. Katika lugha ya miradi, uendelevu umezoeleka kumaanisha uwezo wa mradi kuendelea baada ya mfadhili kuondoka. Chukulia kisima cha kijiji chenye pampu. Ikiwa ipo kamati ya maji, kila kaya inachangia, na fundi wa kurekebisha pampu yupo, mradi huo utaandikwa katika ripoti kuwa ni endelevu. Lakini ikiwa maji yanayovutwa kila mwaka ni mengi kuliko yanayorudishwa ardhini na mvua, kisima hicho si endelevu hata kidogo kwa maana ya mwaka 1987. Neno moja linatoa hukumu mbili zinazopingana, na mwanakijiji aliyechangia fedha zake hana namna ya kujua ni hukumu ipi aliyosomewa.

Haipendekezwi hapa kwamba istilahi hii ifutwe. Neno likishakita mizizi haling'olewi kwa mhadhara. Kinachopendekezwa ni kwamba lisitumike peke yake mbele ya umma kana kwamba linajieleza. Kila linapotajwa, lifuatwe na sentensi yenye mtendaji na mrithi: nani anatumia, nani anajizuia, na nani anaachiwa.

3. Maneno yaliyopokelewa na yaliyopita kando

Historia ya karibuni ya Kiswahili inatoa mifano inayosaidia kupima ni istilahi zipi hupokelewa na umma. Mfano wa kwanza ni Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, na mwanzoni watu waliuita ugonjwa huo kwa majina ya mtaani. Kifupisho cha Upungufu wa Kinga Mwilini kilipotolewa, kilishika haraka. Silabi zake ni za Kiswahili, na umbo lake linaanza na u- kama nomino nyingine za dhahania, hivyo lilipata upatanisho wa kisarufi bila shida. Zaidi ya hayo, maneno yaliyofupishwa yanaeleza kiini cha ugonjwa. Anayejua kirefu cha Ukimwi amekwisha kujua nusu ya somo.

Mfano wa pili ni UVIKO-19, kifupisho cha Ugonjwa wa Virusi vya Korona. Kwa kanuni za uundaji, kifupisho hiki hakina tofauti kubwa na kile cha kwanza. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa kilibaki katika nyaraka na taarifa rasmi, huku watu wakiendelea kusema korona. Sababu ni dhahiri: kilipowasili, nafasi ilikuwa imekwisha kujazwa. Somo linalopatikana ni kwamba istilahi nzuri iliyochelewa hushindwa na istilahi ya kawaida iliyowahi.

Mfano wa tatu ni tabianchi. Neno hili limeundwa kutokana na tabia ya nchi, usemi uliotumika katika masomo ya jiografia. Kwa mtaalamu linatofautisha vizuri hali ya hewa ya siku au msimu na mwenendo wa miaka mingi. Kwa msikilizaji wa kawaida, tabia ni mwenendo wa mtu, na nchi ni dola kama ilivyo ardhi. Usemi mabadiliko ya tabianchi unaweza kupita masikioni mwake kama habari ya siasa. Lakini msikilizaji huyohuyo anazo nomino kamili za kusimulia kinachotokea: masika yamechelewa, vuli imekosa mvua, kiangazi kimerefuka. Mvuvi wa pwani anapanga mwaka wake kwa kaskazi na kusi, na ndiye wa kwanza kugundua pepo hizo zinapobadili majira. Elimu inayoanzia katika maneno hayo na kuishia katika tabianchi ina nafasi ya kueleweka. Inayoanzia katika tabianchi mara nyingi haifiki popote.

Mfano wa nne ni nishati safi ya kupikia. Usemi huu umeenea Tanzania katika miaka ya 2020, hasa baada ya Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Umeeleweka kwa sababu unaingia jikoni moja kwa moja. Kila mtu anajua moshi wa kuni na bei ya mkaa. Hata hivyo, mfano huu unaonyesha pia mpaka wa lugha. Mama anayenunua mkaa kwa kopo, kila siku kwa kadiri ya fedha aliyopata siku hiyo, anaweza kuelewa kikamilifu ubaya wa moshi na asiweze kutoa kwa mkupuo fedha za kujaza mtungi wa gesi. Kumwambia kwamba anahitaji elimu ni kumdhulumu. Kinachopungua kwake ni uwezo, na kampeni ya uelewa isiyotofautisha ujinga na umaskini huishia kumlaumu maskini.

4. Somo la "Mtu ni Afya"

Wapo wanaodhani kwamba kufikisha elimu ya maendeleo kwa mamilioni ya watu kwa Kiswahili ni jambo geni linalosubiri teknolojia mpya. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya. Ilidumu majuma 12. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vijijini na mijini, wakisikiliza kipindi cha redio, wakisoma kitabu kilichoandikwa kwa lugha rahisi, kisha wakajadiliana. Viongozi wa vikundi takriban 75,000 walifundishwa kazi hiyo. Masuala yaliyojadiliwa yalikuwa malaria, kichocho, kuhara na usafi wa maji, na mwisho wa kila mjadala kikundi kilitakiwa kiamue la kufanya. Vyoo vingi vilichimbwa, nyasi zilifyekwa, na madimbwi yalifukiwa.

Mafanikio hayo yalikuwa na sababu za kilugha. Jina lenyewe la kampeni ni sentensi kamili yenye maneno matatu, ambayo mtoto anaweza kuikariri na mzee anaweza kuitafsiri kwa lugha ya kwao. Matini ziliandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Hazikuwa tafsiri ya waraka ulioandikwa kwa ajili ya wasomaji wengine. Aidha, redio haikuachwa izungumze peke yake: baada ya sauti ya mtangazaji ilifuata sauti ya jirani. Kampeni ilijengwa pia juu ya kazi kubwa ya elimu ya watu wazima iliyoanza kushika kasi mwaka 1970. Mwaka 1975 ilifuata kampeni nyingine ya namna hiyo, Chakula ni Uhai.

Hata hivyo, haifai kuisifu miaka hiyo bila kipimo. Ni katika kipindi hichohicho ambapo Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya watu, na mara nyingine kwa nguvu. Kiswahili kilekile, redio ileile na viongozi walewale waliweza kushawishi asubuhi na kuamuru jioni. Mwanakijiji aliyejadili choo hakuwa na nafasi ya kujadili kama ahame au asihame. Hapo ndipo inapopatikana tofauti ambayo wanafunzi wa lugha na mawasiliano wanapaswa kuishika: tofauti kati ya uelewa na utii. Choo kilichochimbwa kwa kuelewa hukarabatiwa. Kilichochimbwa kwa kuogopa mkaguzi hubomoka mkaguzi akishapita.

5. Dhana zilizokuwapo kabla ya istilahi

Je, jamii zinazozungumza Kiswahili na lugha jirani zilisubiri mwaka 1987 ili zijue kwamba kizazi cha leo kinapaswa kumwachia mrithi? Mfano wa Shinyanga unajibu swali hilo. Wasukuma wana desturi ya kutenga eneo la malisho na kulifunga wakati wa mvua ili majani yake yatumike kiangazi. Eneo hilo huitwa ngitili. Desturi hiyo ilififia kwa sababu kadhaa, zikiwamo ufyekaji wa misitu ili kuua mbung'o, upanuzi wa mashamba ya pamba na tumbaku, na uhamisho wa watu vijijini. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa imebaki tupu.

Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI. Badala ya kuleta miche na maelekezo pekee, mradi ulirudi kwenye ngitili. Sheria ndogo za kuzilinda zilipitishwa vijijini, na baraza la jadi la Wasukuma, dagashida, lilitumika kuwaamua waliozivunja. Mwaka 1986 ngitili zilizobaki zilikuwa hekta mia chache. Mradi ulipofikia mwisho wake mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerejeshwa katika mamia ya vijiji.

Ngitili ni neno la Kisukuma, na ndani yake yamo yale mambo matatu ambayo kivumishi endelevu kimeyakosa. Yupo anayefunga eneo. Upo uwezekano wa kulivunja. Na upo mpaka ambao ng'ombe hawavuki hadi majira yafike. Katika visiwa vya Zanzibar, jamii za wavuvi zinazofunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa na kuifungua kwa siku iliyokubaliwa zina maneno yao ya jambo hilohilo: kufunga na kufungua. Vitenzi hivi viwili vinamweleza mvuvi zaidi ya kurasa nyingi za ripoti kuhusu usimamizi endelevu wa rasilimali za bahari.

Kwa mintarafu hiyo, kazi ya wanaisimu haiishii katika kuunda istilahi mpya kwa ajili ya dhana zinazokuja. Kazi nyingine, ambayo haijapewa uzito unaostahili, ni kukusanya maneno ambayo watu wanayo tayari, katika Kiswahili na katika lugha za jamii, na kuyatumia kufasiri dhana hizo. Ikiwa Kiswahili kilipokea bunge na ikulu kutoka lugha za bara, hakuna sababu ya kukiogopesha na ngitili.

6. Kutoka kuelewesha hadi kuelewana

Hadi sasa mjadala umehusu nomino na vivumishi. Lipo jambo linalohusu vitenzi. Hotuba na ripoti kuhusu uelewa wa umma hutumia vitenzi vinavyofanana: kuelimisha, kuhamasisha, kufahamisha, kuelewesha, kusisitiza. Vingi ni vya kauli ya kutendesha, na vinapomhusu mwananchi huwekewa kauli ya kutendwa: wananchi waelimishwe, wananchi wahamasishwe. Katika sarufi hiyo mwananchi hana nafasi ya kiima anayetenda. Yeye hutendwa. Akiuliza swali, swali lake halina kitenzi cha kulipokea.

Kiswahili kina kauli nyingine, ya kutendana: kuelewana, kushauriana, kujadiliana, kukubaliana. Kauli hii inahitaji pande mbili zinazozungumza. Ngitili zilirejeshwa kwa kauli hiyo, na vikundi vya Mtu ni Afya vilifanikiwa pale vilipoikaribia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 asasi ya Hakikazi Catalyst ya Arusha ilitoa mwongozo wa lugha nyepesi, wenye vibonzo vya Masoud Kipanya, ili wananchi waweze kuusoma mkakati wa kupunguza umaskini na kuuhoji. Mfano huo ulionyesha kwamba matini ya sera inaweza kuandikwa ili ijibiwe.

Umuhimu wa jambo hili unazidi kadiri muda unavyopungua. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2025 ilionyesha kwamba ni takriban asilimia 35 tu ya shabaha zinazoweza kupimwa zilizokuwa katika mwelekeo mzuri au zikipiga hatua ya wastani, na kwamba asilimia 18 zilikuwa zimerudi nyuma ya pale zilipokuwa mwaka 2015. Takwimu hizi ni za dunia nzima, na sababu zake ni nyingi: vita, madeni, janga la korona, na ahadi za fedha zisizotimizwa na nchi tajiri. Lugha haiwezi kubeba lawama ya yote hayo. Lakini wananchi wasiojua ni nini kiliahidiwa kwa jina lao hawawezi kudai, wala hawawezi kutambua ahadi inapokiukwa.

7. Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba istilahi maendeleo endelevu ni sahihi kwa umbo lakini ni finyu kwa maana, na kwamba istilahi hupokelewa zinapowahi, zinapojieleza na zinapogusa maisha. Umeonyesha pia kwamba uzoefu wa kampeni za miaka ya 1970 una la kufundisha kuhusu mjadala na la kuonya kuhusu amri, na kwamba dhana ya kumwachia mrithi ilikuwapo katika jamii kabla ya istilahi zake za kimataifa.

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, vyombo vya ukuzaji wa lugha, likiwamo Baraza la Kiswahili la Taifa, na idara za Kiswahili za vyuo vikuu vishirikishwe wakati sera zinapoandikwa, si baada ya kukamilika kwa Kiingereza. Pili, wanafunzi wa shahada za juu wahimizwe kukusanya msamiati wa wakulima, wafugaji na wavuvi kuhusu ardhi, maji na majira, kabla ya wazee wanaoujua kutoweka. Tatu, kila matini inayotolewa kwa umma kuhusu malengo haya iwe na nafasi ya jibu: mkutano, kikundi cha redio au baraza la kijiji, mahali ambapo msikilizaji anakuwa msemaji.

Mwaka 2030 u karibu, na baada yake bila shaka itaandikwa ajenda nyingine. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa uliopo leo ni mdogo: ni umbali kati ya neno linalosomwa ukumbini na neno linalotumiwa kisimani. Wataalamu wa Kiswahili wana zana za kuuziba, na kazi hiyo inapaswa kuanza kabla ya ajenda inayofuata kuandikwa.